Kalamu za Wino za Majumba ya Mitindo: Hitilafu Zinazojirudia na Namna ya Kuzitatua

Kalamu yenye jina la Dior, Gucci au Yves Saint Laurent kwenye klipu haikutoka kwenye karakana ya nguo. Jumba la mitindo lilitoa jina, umbo na sanduku. Nibu, mlisho wa wino na mitambo ya ndani vilitoka kwenye kiwanda cha kalamu ambacho mara nyingi hakikutajwa popote. Dunhill ya London iliinunua Montblanc mwaka 1977, na kalamu za Dunhill Gemline zilizofuata zilitengenezwa na Montblanc hiyohiyo. Hata siku hizi mtindo ni uleule: Nautilus ya Hermès ya mwaka 2014, iliyochorwa na Marc Newson, ilitengenezwa na Pilot wa Japani. Pierre Cardin naye alitoa leseni ya jina lake kwa mamia ya bidhaa, kwa hiyo kalamu mbili zinazoandikwa Cardin zinaweza kuwa zimetoka viwanda visivyojuana kabisa.

Mwenye kutengeneza anapaswa kulijua hilo kabla hajashika kitu. Ndani ya kalamu hizi kuna vitu vya kawaida, na karibu vyote vinasafishika au vinabadilishika. Nje kuna laka (rangi ngumu inayong'aa), mchovyo wa dhahabu, fedha, ngozi, na hicho ndicho mnunuzi alicholipia tangu mwanzo. Nje kukiharibika hakurudi. Kalamu nyingi za aina hii zimeuawa na mtu aliyekuwa anaisugua ing'ae, si na wino uliokauka.

Basi taratibu ni moja kwa hitilafu zote zinazofuata: ndani fanya kwa subira, nje gusa kidogo iwezekanavyo.

Vifaa na majina ya sehemu

Unahitaji kitambaa laini cha pamba, tishu, bomba la sindano lisilo na sindano, lenzi ya kukuza mara 10 kama ile ya sonara, pamba za masikio, na kipande cha glovu ya mpira cha kushikia. Plaisi iache kwenye sanduku la vifaa vya baiskeli.

Nibu ni ile ncha ya chuma. Ina meno mawili yaliyotenganishwa na mpasuo mwembamba. Kipande cheusi chenye mikunjo chini yake tutakiita mlisho. Vyote viwili vimekaa ndani ya shingo, pale vidole vinaposhika. Wino huhifadhiwa kwenye katriji, yaani kichupa cha plastiki kinachokuja na wino wake, au kwenye konveta ya kuvutia wino, au, katika kalamu za zamani zaidi, kwenye kifuko cha mpira.

Kalamu haiandiki kabisa

Hili ndilo lalamiko namba moja, na kwa kalamu hizi lina historia yake. Nyingi zilikuwa zawadi: za harusi, za kustaafu, za kununuliwa haraka uwanja wa ndege. Zilijazwa wino mara moja, zikaandikia kadi mbili tatu, kisha zikalala kwenye droo miaka mingi na wino wake tumboni.

Anza na jaribio la kuchovya. Chovya nibu kwenye chupa ya wino hadi katikati, pangusa, andika. Ikiandika mistari kadhaa kisha ikakata, nibu ni nzima na tatizo liko nyuma yake: mlisho umeziba au wino haufiki. Isipoandika hata baada ya kuchovya, tatizo liko kwenye nibu yenyewe. Jaribio hili halichukui dakika moja na linakuokoa usifungue kitu kisicho na kosa.

Sababu, kuanzia inayoonekana zaidi:

Wino uliokauka. Toa katriji au konveta. Weka maji ya kawaida ya bomba kwenye kikombe kidogo, yafunike nibu na mdomo wa shingo tu, usizamishe shingo nzima hadi kwenye nyuzi za chuma. Iache saa kadhaa huku ukibadilisha maji yakichafuka. Kisha sukuma maji kwa nyuma. Mbinu ya mafundi ni hii: chukua katriji tupu ya aina inayoingia kwenye kalamu hiyo, kata kitako chake, ichomeke kwenye shingo kama kawaida, halafu ingiza mdomo wa bomba la sindano kwenye upande uliokata. Sukuma polepole na uvute polepole. Maji yakitoka meupe, simamisha kalamu nibu ikielekea chini juu ya tishu hadi asubuhi. Tishu ikiwa bado inachukua rangi, rudia.

Maji peke yake yakishindwa, tia tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo kwenye glasi ya maji, halafu suuza sana. Zipo ushauri za kutumia amonia iliyozimuliwa, na kwa kalamu ya plastiki tupu inafanya kazi. Lakini kalamu nyingi za majumba ya mitindo ni shaba njano iliyopakwa laka au iliyochovywa dhahabu, na amonia hula shaba. Iepuke. Spiriti na asetoni ni marufuku kabisa: vinayeyusha plastiki na laka. Jiki pia hapana. Maji ya moto nayo hupinda mlisho wa plastiki na kulegeza gundi iliyoshika pete.

Katriji haikutobolewa. Sukuma mpaka uhisi kizibo kimeachia. Kwenye kalamu nyembamba za miaka ya 1970 na 1980 nafasi ni finyu, na mtu huogopa kusukuma. Katriji ikiwa imetobolewa na bado wino haushuki, iminye kidogo sana mpaka tone lionekane kwenye nibu.

Konveta mbovu. Ivute maji ikiwa nje ya kalamu. Isipovuta, kizibo chake cha ndani kimekauka. Tone dogo la grisi ya silikoni kwenye kizibo huamsha nyingi. Usitumie mafuta ya kujipaka wala vaselini. Mafuta yanayotokana na petroli kama vaselini huharibu mpira.

Kifuko cha mpira kimekufa. Ukitikisa kalamu ya zamani yenye mfumo wa kubana au wenzo pembeni na ukasikia chenga ndani, kifuko kimekuwa mkavu kama mabaki ya biskuti. Kukibadilisha si kazi ngumu kwa fundi: kinabandikwa kwa sheli-laki (aina ya gundi asilia) na kupakwa poda ya talki. Ila kufungua shingo iliyogandishwa bila kuvunja mwili ndio ujuzi wenyewe. Kama hujawahi kufanya, usianzie kwenye kalamu ya Dunhill ya miaka ya 1930.

Wino usiostahili. Huku kwetu hili lipo kuliko watu wanavyokiri: wino wa muhuri, wino wa kujazia printa, wino wa kuchorea. Wino wa kuchorea wenye sheli-laki ukikauka ndani ya mlisho, maji hayauyeyushi. Ukishaosha siku mbili tatu na bado njia imefungwa, simama. Mlisho utabidi utolewe na fundi, na pengine ubadilishwe.

Nibu iliyobanwa. Itazame kwa lenzi dhidi ya mwanga. Kwenye mpasuo unapaswa kuona mwanga mwembamba unaozidi kupungua kuelekea ncha. Kama meno yameshikana tangu juu hadi chini, wino haupiti. Mafundi hupitisha kipande cha karatasi ya shaba nyembamba sana, yenye unene wa takriban milimita 0.05. Wembe usiuguse mpasuo: ni mnene kuliko unavyodhani na una makali yanayokwangua dhahabu.

Inaandika, inakata, inaandika tena

Kwanza badilisha karatasi. Karatasi za daftari zenye kung'aa na risiti huikataa kalamu yoyote. Kisha jiulize: inakata mwanzoni tu baada ya kupumzika, au katikati ya neno?

Ikikata mwanzoni tu, mtuhumiwa ni kifuniko. Ndani ya kifuniko kuna kikombe cha plastiki kinachozuia hewa isiikaushe nibu. Kikipasuka, kalamu hukauka ikiwa imefungwa. Osha kifuniko kwa pamba ya masikio yenye maji, kikauke, kisha weka mdomo ukipulizie. Hewa ikitoka kwa nguvu kwenye tundu la klipu au juu kabisa, kikombe kina ufa au kimelegea. Ila angalia: vifuniko vingine viliwekewa vitundu kwa makusudi, kwa hiyo linganisha na picha za kalamu ileile kabla hujatoa hukumu.

Ikikata katikati ya maneno, fikiria mafuta. Mtu aliyeisugua kalamu kwa dawa ya kung'arisha huacha utando juu ya nibu, na wino haushiki penye mafuta. Maji yenye tone la sabuni yanatosha.

Sababu ya tatu ni ncha iliyosuguliwa kupita kiasi, ikawa ya mviringo sana pande zote mbili za mpasuo, hivyo wino unaishia ndani na haugusi karatasi. Dalili yake: ukikandamiza kidogo inaandika, ukilegeza inakata. Hapo ni kazi ya fundi wa nibu, maana inahitaji kupunguza ncha kwa kiasi ambacho jicho tupu halioni.

Inakwaruza

Karibu kila mara meno ya nibu hayako sawa: moja liko juu, jingine chini. Kalamu ikianguka mara moja tu inatosha. Tazama kwa lenzi ukiwa umeielekeza ncha machoni. Kama tofauti ni ndogo na nibu ni ya dhahabu, unaweza kulisukuma jino la juu lishuke kwa ukucha, kidogo, uachie, utazame tena. Nibu ya chuma cha pua ni ngumu na hurudi ilikokuwa, hivyo haraka ya kuikandamiza humalizia kuipinda.

Msasa, hata ule laini wa kung'arisha kucha, si wa kugusishwa nibu hizi. Nibu zenye nembo ya jumba la mitindo hazina vipuri. Ukiila ncha, utapata nibu nyingine yenye kuandika vizuri, lakini haitakuwa na jina lililokufanya uinunue kalamu.

Simama kabisa ukiona ufa unaoanzia kwenye tundu la kupumulia, lile tundu dogo mpasuo wa nibu unapoishia, au jino moja limekosa ile chembe ngumu ya nchani. Zote mbili zinatengenezeka. Zinahitaji mtu mwenye vifaa vya kulehemu vya kiwango cha sonara na uzoefu wa nibu, si sonara wa pete tu.

Inavuja au inamwaga

Uliza kwanza imebaki na wino kiasi gani. Katriji ikikaribia kwisha, hewa ni nyingi kuliko wino, na joto la mkono likiitanua hewa hiyo huusukuma wino nje. Kalamu za mwili wa chuma, ambazo ndizo nyingi humu, hupitisha joto upesi. Ukiandika mchana wa Dar es Salaam au Mombasa kwa katriji iliyobakiza robo, tone kwenye karatasi si hitilafu. Jaza. Kwenye ndege ni vivyohivyo: ibebe ikiwa imejaa au tupu kabisa, nibu ikitazama juu.

Ikivuja ikiwa imejaa, tazama katriji au konveta kama imekaa imara. Konveta iliyokwisha kupanuka mdomo huteleza nje kidogo kidogo. Ibadilishe tu, haina thamani ya kupigania.

Kisha kuna ufa wa shingo, na huu ndio unaotesa wakusanyaji. Shingo ya plastiki imefungwa kwenye nyuzi za chuma. Watu wamekaza kwa miaka, plastiki imechoka, ukatokea ufa mwembamba kama unywele. Vidole vinachafuka wino na huoni unakotoka. Osha kalamu, ikaushe, ijaze, kisha izungushie shingo tishu nyeupe na uilaze saa moja. Doa litakuonyesha. Likiwa pale plastiki inapokutana na pete ya chuma, pengine ni uchafu kwenye nyuzi au wino uliopanda. Safisha na upime tena. Likiwa katikati ya shingo, ni ufa.

Usimimine supaglu. Inageuka ukungu mweupe juu ya plastiki, inakauka ikiwa ngumu, na ufa hufunguka tena pembeni yake, sasa ukiwa na uchafu ndani ambao fundi hawezi kuuondoa. Ufa wa shingo hushonwa kwa kuyeyusha plastiki ijishike yenyewe, na kila aina ya plastiki ina kiyeyushi chake. Hiyo ni kazi ya kupeleka.

Jambo dogo linaloandamana na hili: pete ya dhahabu kwenye mdomo wa shingo, karibu na nibu, ikiwa imetafunwa na kuota madoa ya kijani. Hutokana na kuchovya shingo kwenye chupa bila kupangusa. Mchovyo ukishatoboka, shaba iliyo chini huliwa na wino. Huwezi kurudisha, unaweza tu kusimamisha: pangusa kila baada ya kujaza, au jaza konveta kwa bomba la sindano usichovye kabisa.

Katriji haiingii, au inaingia ikacheza

Hapa ndipo jina kwenye klipu linapokudanganya zaidi. Kalamu yenye jina la Paris haimaanishi katriji ya Ulaya. Ikiwa iliuzwa Japani kwa leseni, inaweza kudai katriji ya Pilot, ya Platinum au ya Sailor, na tatu hizi hazifanani. Katriji ya kimataifa ya Ulaya ina aina mbili, fupi ya takriban milimita 38 na ndefu inayokaribia mara mbili yake. Dunhill Gemline, kwa kuwa ni mtoto wa Montblanc, hujaribiwa kwanza kwa hiyo ya kimataifa.

Usilazimishe. Kile kijibomba cha ndani ya shingo kinachotoboa katriji ni chembamba, na kikipanuka au kuvunjika umemaliza kalamu. Chungulia kwa tochi: kina upana gani, kina pete ya kuzunguka, au ni mrija mtupu? Tazama pia nibu. Alama ya viwango vya Japani, JIS, kwenye nibu ya kalamu yenye jina la Kifaransa inamaliza ubishi.

Konveta ya kimataifa ya kawaida ni nene mno kwa kalamu nyingi nyembamba za miaka ya 1970. Si hitilafu. Tumia katriji fupi, na kama kalamu ina urefu wa kutosha weka ya pili ikiwa kinyume nyuma yake ili ishikilie ya kwanza.

Lady Sheaffer Skripsert, iliyotoka mwaka 1958, haikuwa ya jumba la mitindo, lakini wakusanyaji huiweka rafu moja na hizi kwa sababu ilitangazwa kama kipambo cha mwanamke na michoro yake ikapewa majina ya vitambaa: Tulle, Paisley, Corduroy. Nayo hutumia katriji za Sheaffer peke yake.

Kifuniko kinalegea, au hakitoki

Kulegea: safisha mdomo wa kifuniko na pete ya shingo, maana wino mkavu huzuia kifuniko kisifike mwisho wake. Kikiwa safi na bado kinaanguka, vijimeno vya plastiki au vya chuma ndani yake vimelika. Watu huzungushia gundi ya karatasi au rangi ya kucha shingoni. Inashika wiki moja na kuacha doa milele. Fundi hubadilisha kikombe cha ndani au huvipinda vijimeno virudi.

Kukwama: ni wino au kutu ya kijani. Kishike kwa glovu ya mpira pande zote mbili, vuta kwa kunyoosha, na kama ni cha kuzungusha zungusha polepole. Kikikataa, dondosha matone ya maji kwenye maungio, subiri, jaribu tena kesho. Mashine ya kukaushia nywele usiilete karibu. Seluloidi, plastiki ya kalamu za zamani, hushika moto, na laka hupasuka shaba ikitanuka chini yake.

Ngozi ya nje: laka, dhahabu, fedha na unata

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa ilipo.

Unata wa sandukuni. Kalamu imetoka kwenye sanduku lake la asili ikiwa na vumbi la njano linalonata. Hiyo ni sponji ya ndani ya sanduku, iliyooza. Wengi husifia kalamu iliyokaa ndani ya sanduku lake miaka 40. Mimi huwa na shaka nayo zaidi kuliko iliyokaa mfukoni. Itoe sponji mara moja, futa kalamu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usikwangue. Sanduku litunze, ila kalamu ilale mahali pengine. Mifuko ya plastiki laini nayo ni adui, kwa kuwa hutoa mafuta yake kidogo kidogo na kulainisha plastiki inayoigusa. Mipira ya kufungia noti huitia fedha weusi.

Unata wa kalamu yenyewe. Baadhi ya kalamu za miaka ya 1990 zilipakwa utando laini wa mpira ulioshikika vizuri mkononi. Unyevu huuvunja, ukawa kama gundi. Pwani huenda haraka zaidi. Hakuna dawa ya kuurudisha. Unaweza kuuondoa wote, lakini utaondoa na nembo iliyochapishwa juu yake. Ukiamua hivyo, piga picha kwanza, na ukiiuza sema.

Laka iliyobanduka au kupasuka. Kuna laka za aina mbili. Ya viwandani ni rangi ngumu juu ya shaba. Ya Kichina, kama ile ya S.T. Dupont, ni utomvu wa mti uliopakwa tabaka juu ya tabaka. Zote mbili zikibanduka pembeni mwa pete, chini yake kuna unyevu ulioingia. Usiloweke, usibandike, usipake rangi ya kucha ya rangi inayofanana. Mashine za kuosha kwa mawimbi ya sauti, zile za masonara, hazifai kwa laka hata kidogo: zinamalizia kubandua kilichoanza.

Kalamu za Dunhill na Namiki, kampuni ya kalamu ya Japani, zilizoanza kwa makubaliano ya mwaka 1930, zina michoro ya maki-e: unga wa dhahabu ndani ya laka ya Kijapani. Kwa hizo hitilafu yoyote ya nje ina jibu moja. Zifute kwa kitambaa kikavu, ziweke mbali na jua, na umtafute mtaalamu wa laka ya Kijapani.

Dhahabu iliyochujuka. Kwenye kalamu za Must de Cartier, Dior au Gucci utaona sehemu za klipu na makali zimekuwa za njano iliyopauka, ya shaba. Mchovyo umelika. Dawa ya kung'arisha huondoa tabaka kila unapoitumia, kwa hiyo inaharakisha kile unachotaka kukizuia. Kuchovya upya kunawezekana kwa sonara, lakini makali ya nembo hupotea na wakusanyaji huishusha bei. Ushauri wangu: iache na uchakavu wake.

Fedha iliyoingia weusi. Kitambaa cha kung'arisha fedha, taratibu, basi. Dawa ya meno na magadi vina chembe zinazokwaruza. Dawa ya kuchovya fedha huingia chini ya klipu na kubaki humo. Na kama kalamu ina mchoro uliotiwa weusi kwenye mifereji yake, weusi huo ni wa fundi wa awali. Ukiung'arisha wote umeifuta kazi yake.

Ngozi iliyovikwa mwilini. Ikiwa ni ngozi halisi na imekauka, acha. Mafuta ya viatu huhamia mikononi na kwenye karatasi. Ikiwa inabanduka magamba, si ngozi, ni plastiki juu ya kitambaa, na haitengenezeki.

Nibu haifanani na jina

Umenunua kalamu ya jumba kubwa la mitindo na nibu inasema "Iridium Point Germany". Usikimbilie kusema ni bandia. Maneno hayo yako kwenye nibu za chuma za bei nafuu zilizosambaa duniani kote, na kalamu halali ya leseni iliweza kutoka nayo kiwandani. Sababu ya pili ni kwamba nibu ya asili iliharibika ikabadilishwa. Bandia ni ya tatu.

Angalia kwanza mihuri. 750 ni dhahabu ya karati 18, 585 ni ya karati 14. Kazi ya Kifaransa ya dhahabu ya karati 18 hubeba kichwa kidogo cha tai, na fedha hubeba kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi. Maandishi ya "plaqué or" ni mchovyo tu, na "GP" baada ya karati kwenye nibu maana yake ni ileile. Muuzaji anayesema "dhahabu" huku klipu ikisema plaqué, ama hajui kusoma ama anajua sana.

Angalia kisha uzito wa herufi: nembo ya asili imechongwa au imepigwa kwa makali safi, ya bandia mara nyingi imechapwa juu na inakwanguka. Kwenye Cartier yenye pete tatu za rangi tatu, zile zilizotoka kwenye pete ya Trinity ya mwaka 1924, tazama kama pete ni vipande vya chuma vinavyotenganika au ni rangi juu ya bomba moja. Namba ya kalamu pekee si ushahidi, kwa kuwa wanaoiga nao hugonga namba.

Ukiipeleka kwa fundi

Mafundi wa kalamu za wino ni wachache Afrika Mashariki, na fundi saa mzuri anaweza kukusaidia kwa klipu iliyopinda au nyuzi zilizokwama, mradi umwambie mipaka. Mwambie kwa maneno haya: asing'arishe kitu, asichovye kitu, asitumie kiyeyushi, na asibadilishe nibu bila kukurudishia ya zamani. Nibu na mlisho vipeleke kwa mtu wa kalamu hasa, hata kama ni kwa posta.

Kabla ya kuituma ondoa wino wote, piga picha pande zote pamoja na mihuri, pima urefu ikiwa imefungwa, na andika kwenye karatasi dalili tu: inavuja wapi, tangu lini, umeshajaribu nini. Usimwandikie sababu unayoidhani. Toa katriji, weka kifuniko, uizungushie kitambaa cha pamba, na sanduku lake la asili lenye sponji iliyooza libaki nyumbani.